Kizuizi: Hapana

Pioneer, Eldoret
8 Mei 2023

Kwa mjomba wangu, Khocha Mabonga,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na mwenye kuni kavu. Mimi sijambo. Mama anakusalimia. Goti lake limepoa tangu aache kuchota maji kisimani, lakini analalamika kwamba wewe, ndugu yake wa pekee, umekuwa kimya tangu Krismasi. Nilimkumbusha kwamba huko kambini simu haishiki kwa sababu ya msitu. Akanijibu, "Msitu haujawahi kumzuia mtu kushika kalamu." Basi ukipata nafasi mwandikie, hata mistari miwili.

Chumba changu ni safi na mwenye nyumba hana maneno mengi. Majirani wanaondoka mapema na kurudi wamechoka. Kuna siku nafika jioni ndipo nagundua kwamba tangu asubuhi sijamwambia mtu neno lolote lisilo la kazi. Hilo usimwambie Mama.

Kazi inaendelea. Kampuni yetu, kama nilivyokueleza, inarusha intaneti kwa redio kutoka kwenye minara hadi shule na zahanati ambazo waya haujafika. Mafundi wanapanda juu, mimi nabaki chini na fomu. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Agosti. Hapo meneja wetu, Madam Waiyego, ataamua kama nitaandikwa au nitarudi nyumbani.

Khocha, nina swali. Wewe ulitumia redio za mkononi msituni miaka mingi. Je, ni kweli majani yanaweza kuzima redio? Sisemi mti ulioangukia antena. Nasema majani tu, yakiwa kwenye mti wake, hayajamgusa mtu. Na mti uliokatwa matawi mwezi wa kwanza, je, unaweza kuwa na majani ya kutosha kufikia mwisho wa mwezi wa nne? Kuna rafiki yangu ofisini anataka kujua.

Unijibu ukiweza. Mimi mtoto wa dada yako,
Joy Nangila


Kambi ya Msitu, Kaptama
17 Mei 2023

Joy, mtoto wa dada yangu,

Barua yako imeletwa na mwalimu Kiplimo, ambaye hufungua sanduku la posta la shule kila Ijumaa kama njia inapitika. Huku mvua imeshika. Viazi vimeota vizuri. Mwewe amechukua kuku wawili, na jogoo aliyebaki ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwita huyo mwewe. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini nimezoea. Tangu tumzike mke wangu napika mara moja kwa siku.

Rafiki yako mwambie hivi. Ile redio ya kusikiliza habari, mawimbi yake ya zamani yalikuwa marefu kuliko uwanja wa mpira, kwa hivyo yalipita msituni bila hata kujua kuna msitu. Redio zetu za mkononi zilikuwa na wimbi la kama mita mbili. Kiangazi zilisema vizuri. Mvua ikinyesha na misaiprasi ikilowa, unamwita mwenzako aliye kilomita moja tu, unapata kelele kama ya kukaanga samaki. Ndiyo sababu tulikuwa na lile jabali lenye upara juu ya kambi. Ukitaka kusema, unapanda jabali.

Hizo za kwenu ni za masafa ya juu zaidi. Mwalimu ananiambia wimbi lake halizidi kidole. Sasa wimbi la kidole likikutana na jani la kidole, nani atampisha mwenzake? Na jani ni nini? Ni mfuko mdogo wa maji. Jani moja linakunywa kidogo. Majani elfu yanakunywa yote, na upepo ukiyatikisa, hata hicho kidogo kinachopita kinakuja na kwenda.

Kuhusu matawi, niambie ni mti gani. Msaiprasi ukiukata vibaya hauoti tena. Mgrevilea ni mti mwingine. Ukiupogoa Januari ukabaki kama nguzo ya stima, Machi una manyoya, Mei una kichwa kizima. Kila mkulima wa Uasin Gishu analijua hilo, ndiyo maana anaupogoa kabla ya kupanda, ili mahindi yapate jua.

Rafiki yako ni karani, sivyo? Fundi hawezi kuuliza swali kama hilo. Fundi analijua.

Usijaribu kunipigia. Miti haikubali. Andika.

Khocha wako,
Mabonga


Pioneer, Eldoret
28 Mei 2023

Khocha mpendwa,

Asante kwa barua. Mama amepata yake pia na ameisoma mara nyingi, mpaka Namalwa mdogo wangu anaijua kwa moyo. Wote ni wazima. Mahindi ya nyumbani yamefika magotini.

Hakuna rafiki, Khocha. Ni mimi.

Januari tulikwenda kupima njia ya redio kwenye zahanati moja karibu na Burnt Forest. Msaidizi wa fundi hakuja siku hiyo, kwa hivyo Kiptoo, fundi wetu, alinichukua nishike futi na kuandika. Huniita Karani wa Serikali kwa sababu ya mwandiko wangu. Alipanda kwenye paa na darubini kuutazama mnara ulio kilimani. Katikati ni shamba la Mama Rael, na mpakani mwa shamba kuna migrevilea kumi na mmoja. Mama Rael alikuwa ameipogoa yote. Matawi yalikuwa yamerundikwa chini na wanawake walikuwa wakifunga kuni.

Mama Rael akapaza sauti, "Nyinyi mnatafuta nini juu ya nyumba ya wagonjwa? Paka?"

"Mtandao, Mama," Kiptoo akajibu.

"Mkiukamata mniitie. Nataka nimwone sura."

Kiptoo alicheka mpaka nikaogopa ataanguka. Aliposhuka akaniambia, "Karani, andika. Leo njia iko wazi. Lakini miti kumi na mmoja imepogolewa, itaota tena mvua ikija. Nguzo ya antena hapa zahanati iongezwe mita sita." Niliyaandika yote kwenye daftari langu dogo.

Ofisini fomu ina mstari mmoja tu kuhusu jambo hilo. Unasema: Kizuizi, halafu kuna Ndiyo na Hapana. Hakuna mahali pa kusema leo hapana, kesho ndiyo. Wiki moja kabla ya hapo Madam Waiyego alikuwa amenirudishia fomu nyingine niliyoandika maelezo pembeni, na kwa kalamu nyekundu ameandika, "Fomu si shajara." Basi hii nikaweka alama kwenye Hapana, nikaiacha pembeni ikiwa safi. Kiptoo akatia sahihi bila kusoma. Alisema mwandiko wangu hauhitaji kukaguliwa. Mafundi wengine wakasimamisha nguzo bila zile mita sita.

Tangu mvua ianze, mtandao wa zahanati unakatika. Jua likiwaka unarudi, majani yakilowa unapotea. Muuguzi Cherono hupanda boda boda mpaka mjini Burnt Forest na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki ili atume yanayopaswa kutumwa. Mwezi huu majibu ya damu ya mama mmoja mjamzito yalichelewa siku moja. Mama huyo ni mzima. Lakini siku moja ni siku moja, na zahanati imelalamika kwa maandishi.

Kiptoo ameitwa kujieleza Ijumaa tarehe tisa Juni. Fomu ina sahihi yake, kwa hivyo wanasema alipima vibaya, na fundi anayepima vibaya anaachishwa kazi. Yeye hana wasiwasi. Amewaambia, "Karani alikuwepo, muulizeni." Kisha akaniambia mimi, "Wewe sema tu vile nilisema." Nikamwambia sawa.

Daftari liko ndani ya mkoba wangu. Ofisini halijaonwa na mtu. Nikilitoa, najua Agosti yangu imeisha. Mama ameshawaambia watu wa kanisani kwamba mtoto wake ameajiriwa, hakusema majaribio.

Barua yako haiwezi kunifikia kwa wakati. Tafadhali, Alhamisi tarehe nane saa kumi jioni panda kwenye jabali ukiwa na simu. Nitakupigia. Sema neno moja tu, nami nitalifuata.

Joy


Pioneer, Eldoret
25 Juni 2023

Khocha,

Ni karibu mwezi na sijapata barua. Natumaini huumwi. Mama anauliza. Nimemwambia ni tope.

Najua ulipanda. Nilipiga na ukapokea, nilisikia upepo na nikasikia ukipumua. Nilikuambia yote kwa haraka, kisha nikauliza, "Nifanye nini?" Nilingoja. Nikakuita mara tatu. Hukusema kitu, halafu simu ikakatika. Nilipiga tena mara nne, ikawa haipatikani.

Mwanzoni nilijiambia ni miti. Lakini jabalini hakuna miti, wewe mwenyewe uliniambia. Kwa hivyo nikaamua kwamba umenisikia na umekataa kunijibu, kwamba umeniona mimi ni mtu wa kunyamaziwa. Kesho yake niliingia mkutanoni nikiwa na wazo hilo tu.

Walikuwa watatu upande ule wa meza. Kiptoo alieleza. Madam Waiyego akanigeukia. "Joy, ulikuwepo. Alisema nini kuhusu hiyo miti?"

Khocha, nilisema, "Sikumbuki vizuri, Madam."

Kiptoo alinitazama. Sikuona hasira. Alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akasema, "Sawa. Basi ni mimi."

Wakampa barua ya kuachishwa kazi siku hiyo hiyo. Vifaa hurudishwa kwangu, kwa hivyo alikuja mezani kwangu, akaweka mkanda wa kupandia, kofia, darubini. Nikampa karatasi ya kutia sahihi kwamba amerudisha. Akashika kalamu, akaniuliza, "Hii nisome kwanza?"

Akaisoma yote, mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa pale. Ndipo akatia sahihi.

Zahanati bado haina mtandao. Sasa wanazungumza kwenda kumwomba Mama Rael aikate miti. Mimi ndiye ninayechapa barua ya kumwomba. Ofisini wananisifu kwamba nimekuwa mtulivu.

Sikuombi unijibu kuhusu hilo tena. Nataka tu kujua kama u mzima.

Joy


Kambi ya Msitu, Kaptama
16 Julai 2023

Joy, mtoto wangu,

Mimi ni mzima wa mwili. Viazi nimevichimba. Barua zako mbili ninazo hapa mezani na hii ya kwangu nimeianza mara nyingi nikaitia motoni. Usimlaumu mwalimu wala njia.

Huku wameanza kukata. Saiprasi yote ya upande wa mashariki, ile tuliyoipanda nikiwa kijana, imekomaa na sasa inavunwa. Jumanne walifika nyuma ya nyumba yangu. Alhamisi simu iliyo kwenye rafu ya jikoni ikatetemeka mpaka ikaanguka kwenye unga. Mtandao umefika. Baa nne za mtandao, Joy, jikoni kwangu. Alikuwa ni mama yako. Niliitazama ikitetemeka mpaka ikanyamaza.

Sisikii. Hilo ndilo nililolitia motoni kila mara.

Nilisimamia misumeno ya injini miaka ishirini na sita, na siku hizo hatukuziba masikio. Ilianza na mlio mwembamba, kama mbu. Huu ni mwaka wa nne sasa sisikii sauti ya mtu isipokuwa nimtazame mdomo. Juzi miti ilipokuwa ikianguka niliisikia kwa miguu. Mwalimu Kiplimo anajua, hakuna mwingine. Ninyi niliwaambia miti haikubali, nanyi mkaamini, kwa sababu miti haina wa kuitetea. Ilikuwa kweli kidogo. Uongo wenye kweli kidogo hukaa miaka mingi.

Tarehe nane nilifika jabalini saa tisa. Simu ilitetemeka kabla ya saa kumi, wewe huwahi siku zote. Nikaweka sikio la kushoto, nikaweka la kulia. Nilipata kitu kama mvua kwenye mabati ya nyumba ya mbali. Nilijua unasema na nilijua unasema haraka. Kinywa changu kilikuwa kizima, ningeweza kukwambia sisikii. Nikakata. Nikazima. Kisha nikaiwasha tena, nikakuandikia ujumbe, "Joy, sisikii." Nikautazama. Nikaufuta. Niliona aibu ya kuwa mzee kiziwi kuliko nilivyokuonea huruma wewe, ndipo nikashuka nikapika.

Hukunyamaziwa. Ulikuwa unaongea na mtu mwenye woga kama wako.

Kuhusu Kiptoo sikwambii la kufanya. Sina uso wa kukwambia. Nakueleza tu yangu, kwa sababu uliniuliza kama ni mzima.

Mama yako nitamwandikia mwenyewe.

Mabonga


Pioneer, Eldoret
20 Agosti 2023

Khocha wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mama alipata yake. Alilia kidogo, halafu akakasirika, halafu akaanza kutafuta nani ana gari la kuja huko. Jiandae. Na mimi nimeuliza habari za kliniki ya masikio hapa mjini. Wanasema usitie mafuta wala kitu kingine chochote mpaka wakutazame. Nitakuja na Mama Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Nitakaa mbele yako, upande wenye mwanga.

Sasa nikueleze mengine.

Tarehe mosi Agosti nilimpelekea Madam Waiyego lile daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Alisoma. Akaniuliza, "Siku ya mkutano lilikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba, Madam."

"Mkoba huu?"

"Ndiyo, Madam."

Akaniambia niende nikae mpaka aniite. Nilikaa siku mbili na nusu. Simu za wateja zilikuwa zikilia, nikawa najibu, nikishangaa kwamba sauti yangu inatoka. Siku ya tatu aliniita. Majaribio yangu yameongezwa miezi sita, na onyo limewekwa kwenye faili. Onyo lenyewe nililichapa mimi, kwa sababu hakuna karani mwingine. Alisema nisidhani ni huruma. "Nikikufukuza leo," alisema, "yule atakayefuata hataniletea daftari." Barua ya kwenda kwa Mama Rael haikutumwa. Akaagiza nguzo iongezwe zile mita sita.

Jioni ile nilimtafuta Kiptoo. Alikuwa akifunga madishi ya televisheni upande wa barabara ya Kapsabet. Nilimkuta ameshuka kutoka juu ya duka, anakunja waya. Nikamwambia nilichofanya mwezi wa Juni na nilichofanya sasa. Aliendelea kukunja waya.

"Umemwambia Madam kabla ya kuja kwangu, ama baada?"

"Kabla."

"Ni vizuri. Ungeanza na mimi ningekusamehe, halafu ungeenda kulala."

Nikamwambia pole. Akasema, "Nimesikia." Nilirudi Pioneer kwa miguu.

Aliitwa, na amerudi wiki jana. Siku ya pili walikwenda zahanati, wakapandisha nguzo. Muuguzi Cherono alipiga simu mwenyewe kusema kwamba mvua inanyesha na mtandao umesimama. Wote ofisini walishangilia. Kiptoo alipeana mikono na kila mtu, na mimi nikiwemo, mkono wa kazini.

Zamani akitoka kupima alikuwa akikaa pembeni ya meza yangu, anaeleza huku anakunywa chai, mimi naandika. Alikuwa akieleza kila kitu, mbwa wa mwenye shamba, upepo, watu waliomtania. Nadhani hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikisikia mengi kwa siku, Khocha, sikujua mpaka yalipokoma.

Juzi alirudi kutoka shule moja huko Moiben. Aliweka fomu mezani, imejazwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda, na nyuma amebandika karatasi nyingine ya maelezo. Akageuka aende. Nilitaka abaki hata dakika moja, kwa hivyo nikauliza, "Na miti je?"

"Imeandikwa," akasema, akatoka.

Nikaivuta karatasi karibu, nikaanza kuchapa neno kwa neno, bila kupunguza.

Mtoto wa dada yako,
Joy